Boga na Ua Lake: Mama Mwenye Watoto Wadogo, Kutoka Ushairi wa Pwani hadi Masimulizi ya Ikoma

Ukipenda boga, penda na ua lake. Ni vigumu kumpata mwanamke aliyeachwa au aliyefiwa na mume, akabaki na watoto wadogo, ambaye hajaisikia methali hii ikisemwa mbele yake au nyuma yake. Husemwa na shangazi, husemwa na mshenga, na wakati mwingine husemwa na mposaji mwenyewe siku ya kwanza anapokaribishwa barazani. Boga ni mama, ua ni mtoto. Kwa kiasi fulani methali hiyo inamtetea mtoto. Lakini imekwisha kupanga nani wa mbele na nani wa nyuma: boga linapendwa, ua linachukuliwa pamoja nalo. Tena inamsemesha mwanamume peke yake. Mwanamke haulizwi anataka nini, wala mtoto haulizwi. Na mkulima yeyote angeweza kuongeza kwamba mpangilio wenyewe umepinduliwa, kwani shambani ua hutangulia, boga likafuata.

Methali ni fasihi, na fasihi huhojiwa. Swali la kuihoji fasihi ya Kiswahili katika jambo hili ni fupi: mama mwenye watoto wadogo aweza kuwa mpenzi? Haiulizwi hapa kama aweza kuhurumiwa, kulaumiwa au kutolewa mfano, maana hayo yote yameandikwa sana. Linaloulizwa ni kama aweza kuposwa, kupenda, kusita na kuchagua ndani ya shairi au hadithi huku mtoto wake akiwapo, akiwa macho, akidai uji.

Ushairi wa mapenzi wa pwani umejengwa juu ya watu wawili. Kuna anayenena na kuna anayenenewa. Tangu zama za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, mshairi wa mapenzi amekuwa akimwendea mpendwa wake kwa mafumbo, akimwita ua, tunda, lulu, au chombo kilicho baharini. Mtu wa tatu akiingia, huingia kwa ubaya: ni hasidi, ni mfitini, ni mpinzani. Mtoto hana mlango wa kuingilia katika tungo za namna hiyo. Lulu haina wa kuiamsha usiku. Mafumbo ya mapenzi yamechaguliwa miongoni mwa vitu visivyo na wategemezi, na desturi hiyo imeshikwa kwa muda mrefu hata haionekani tena kuwa ni uchaguzi.

Mfano wa kushangaza zaidi ni wa mshairi ambaye mwenyewe alikuwa mama asiye na mume. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mashuhuri mwaka 1858, akiwa mgonjwa, akimuusia binti yake. Mumewe, Sheikh Mataka wa Siu, alikuwa amefariki miaka miwili hivi kabla yake. Hivyo utendi unaotajwa kuliko mwingine wowote inapozungumzwa heshima ya mke kwa mume uliandikwa na mjane mwenye watoto. Wasomaji wengi wameusoma kwa ajili ya beti za mume: jinsi ya kumkaribisha, kumpamba, kumridhi. Wachache wamesimama kwenye ukweli kwamba aliyetamka hayo hakuwa tena na mume wa kumridhi, na kwamba sehemu kubwa ya mwisho wa utendi ni dua, na ndani ya dua hiyo wamo watoto wake. Mapenzi ya mume yamo katika kumbukumbu na katika wasia kwa kizazi kijacho. Mapenzi ya watoto yamo katika maombi. Utendi haukuacha nafasi ya swali la kama mjane huyo angeweza kuposwa tena, na si haki kumlaumu mtunzi aliyekuwa akijiandaa kufa. Lililo haki ni kuwalaumu waliomfuata. Walichukua beti za mke wakaziacha beti za mama, wakafanya kama zimetungwa na watu wawili tofauti.

Riwaya ilikuja na nafasi kubwa zaidi, na ilitarajiwa kwamba ingemfungulia mama huyu mlango. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kusimuliwa Ukerewe, posa ya Rosa inavunjika mchumba anapogundua kwamba hakuwa bikira, na msichana anajiua. Kezilahabi aliandika kwa ujasiri uliokifanya kitabu chake kipigwe marufuku shuleni kwa muda. Hata hivyo ujasiri huo ulikomea kwenye swali la ubikira. Ikiwa mwanamke asiye na mtoto hakupata wa kumchukua pamoja na yaliyopita, itakuwaje kwa yule ambaye yaliyopita yake yanatembea kwa miguu miwili na yana jina? Riwaya haikufika huko.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, inakaribia zaidi. Talaka inamkuta Bi Tamima katika uchungu wa uzazi, nayo ni sehemu isiyosahaulika kwa msomaji wa Visiwani. Lakini baada ya hapo macho ya msimulizi yanamfuata zaidi binti, Maimuna: kutoroka kwake, maisha yake ya Rumbo, na hatimaye kuishi kwake na Kabi. Riwaya inakubali kwamba mwanamke aliyeanguka aweza kupendwa tena, na hilo halikuwa dogo. Mama aliyeachwa amebaki pembeni, ushahidi wa ukatili wa Maksuudi. Anamhukumu mume kwa mateso yake, kisha kazi yake katika hadithi imekwisha.

Wako watakaosema kwamba fasihi ilinyamaza kwa sababu jambo lenyewe ni dogo, la chumbani na la jikoni. Sheria na mila zinawajibu. Kwa kauli inayojulikana katika madhehebu ya Shafi, mama aliyeachika ana haki ya hadhana ya mtoto mdogo, lakini akiolewa na mwanamume asiye maharimu wa mtoto, haki hiyo huweza kumtoka. Kwa hiyo mama wa Unguja au Pemba anapoletewa posa hapimi tabia ya mposaji tu. Anapima kama akijibu ndiyo atalala nyumba moja na mwanawe. Zanzibar ilikuwa pia na sheria ya mwaka 1985 iliyoweza kumpeleka gerezani mwanamke asiye na mume aliyepata mimba. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 2005 kwa sheria nyingine iliyoweka kazi za jamii mahali pa kifungo. Upande wa Bara, kabla ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, matunzo ambayo sheria ilimtaka baba kuyatoa kwa mtoto wa nje ya ndoa yalikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Na ni mwaka 2021 tu ambapo wasichana waliojifungua waliruhusiwa kurudi katika shule za serikali huko Bara. Hayo si mambo ya jikoni. Ni uzito ambao mama huyu huingia nao katika kila mazungumzo ya uchumba, na shairi lisiloujua uzito huo haliwezi kumwimba.

Ndiyo maana inafaa kutoka pwani kidogo na kwenda mahali ambapo swali hili limefikiriwa kwa njia nyingine. Mahali hapo ni Ikoma, mkoani Mara, kandokando ya Hifadhi ya Serengeti iliyoanzishwa mwaka 1951. Waikoma ni wakulima, wafugaji na, kwa kumbukumbu yao wenyewe, wawindaji. Wanaishi jirani na Wanata, Waisenye, Waikizu, Wangoreme na Wakurya, na jina la Ikona, la eneo la jumuiya la kuhifadhi wanyamapori, limeundwa kwa kuunganisha Ikoma na Nata. Kiswahili si lugha ya kwanza ya wazee wao. Hata hivyo ni kwa Kiswahili baadhi ya wazee wa Mara Kusini waliandika historia za makabila yao, na maandishi hayo yakakusanywa na mwanahistoria Jan Bender Shetler katika kitabu cha Telling Our Own Stories cha mwaka 2003. Kwa hiyo masimulizi haya nayo ni sehemu ya maktaba ya Kiswahili, ingawa wahakiki wa pwani huyapita.

Masimulizi ya asili katika ukanda huo yana jambo moja linalostahili kuangaliwa. Mara nyingi huanza kwa uchumba. Waikoma hueleza asili yao kwa mwindaji aliyetoka Sonjo, upande wa mashariki. Wanata husimulia juu ya mwindaji Nyamunywa aliyekutana na mkulima Nyasigonko, kila mmoja akiwa na alichokikosa mwenzake, mmoja nyama na mwingine nafaka. Waikizu husimulia juu ya Nyakinywa, mwanamke mwenye elimu ya mvua aliyetoka Kanadi katika nchi ya Wasukuma, akakutana na Isamongo mwenye moto. Wakapimana nguvu kabla ya kukubaliana, na mvua ikauzima moto.

Msomaji wa ushairi wa pwani ataona tofauti mara moja. Nyasigonko haitwi tunda. Yeye ndiye mwenye shamba. Nyakinywa hasifiwi macho wala shingo. Husimuliwa kwa anachojua kukifanya. Mwanamume katika hadithi hizi ni mtu aliyetoka porini, mgeni mwenye njaa na mzigo wa nyama, na uchumba ni mapatano juu ya namna ya kuishi. Mwanamke anayo nyumba tangu mwanzo, au ana uwezo ulio sawa na nyumba. Kwa mama mwenye watoto wadogo, hadithi ya namna hii ina maana kubwa kuliko diwani nzima ya mashairi ya lulu, kwa sababu swali la kwanza linalomkabili ndilo swali la hadithi hiyo: huyu anayebisha hodi anakuja kuongeza nini ndani ya nyumba ambayo tayari inakaliwa?

Lakini mhakiki hapaswi kuyapamba masimulizi haya kupita kiasi, kwa maana nayo yana pengo lake. Nyasigonko anapokutana na mwindaji hana mtoto. Nyakinywa anapopimana na Isamongo husimuliwa kama mwanamke asiyefungwa na mlezi wala mlelewa. Watoto huja baadaye, na wanapokuja huwa ni majina ya koo. Aidha, walioyaandika masimulizi hayo ni wanaume, na katika mikono yao mwanamke wa kwanza hutoweka pole pole kadiri orodha ya wana na wajukuu inavyorefuka. Shetler mwenyewe, katika Claiming Civic Virtue ya mwaka 2019, ameonyesha kwamba wanawake wa Mara wana kumbukumbu za namna nyingine. Wanaume husimulia kabila, wanawake husimulia mahusiano yanayovuka mipaka ya makabila: nani aliolewa wapi, nani alimsaidia nani. Mtoto mdogo, kama atapatikana, atapatikana katika kumbukumbu hizo za pili, ambazo hazikuandikwa kwa wingi na wanaojua Kiswahili cha vitabu.

Kilichokosekana katika hadithi kimo katika desturi. Wakurya, majirani wa Waikoma katika Wilaya ya Serengeti na wenyeji wa Tarime, wana ndoa inayoitwa nyumba ntobhu. Mwanamke mtu mzima, mwenye ng'ombe lakini asiye na mtoto wa kiume, humtolea mahari mwanamke kijana na kumleta nyumbani kwake. Hawaishi kama mume na mke wa kitandani. Yule kijana huzaa na mwanamume, na watoto huhesabiwa kuwa wa nyumba ya yule mama aliyetoa ng'ombe. Baba wa kuzaa hana dai juu yao. Miongoni mwa wanaoingia katika nyumba hizo wamo wanawake waliotoroka waume wenye kupiga, na wengine huja na mtoto tayari mgongoni.

Maana ya desturi hiyo kwa somo hili iko wazi. Imetenganisha mambo mawili ambayo pwani imeyafunga pamoja: mapenzi na kumiliki watoto. Katika nyumba ntobhu mwanamume aweza kuwa mpenzi bila kuwa mwenye watoto, na akiondoka, nyumba haitikisiki kwa kuondoka kwake. Mama kijana hamuulizi mpenzi wake kama atampenda ua pamoja na boga. Ua limekwisha kupata bustani. Wakuu wa desturi hiyo hawakuwa washairi. Walikuwa wakitafuta warithi wa ng'ombe. Lakini katika kutafuta warithi waliona kitu ambacho washairi hawakukiona, kwamba uchumba wa mama mwenye watoto hauwi wa watu wawili, na kwamba ni lazima mtu wa tatu apewe mahali pake kabla mazungumzo hayajaanza.

Ingekuwa makosa makubwa kuishia hapo na kuifanya nyumba ntobhu kuwa pepo ya wanawake. Mahari hutolewa kwa baba wa yule kijana, na binti wa maskini huweza kupelekwa bila kuulizwa, kama anavyoweza kupelekwa kwa mwanamume. Mama mwenye ng'ombe huweza kuamua ni nani afike usiku na ni nani asifike. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, hivyo mmoja akifa, mwingine hana cheti cha kumlinda mbele ya ndugu wanaodai shamba. Na kuna hasara ambayo mhakiki wa fasihi anapaswa kuitaja kabla ya zote: desturi hiyo imempatia mtoto nyumba kwa kumtoa mpenzi nje ya mlango. Mwanamume amekuwa mpita njia. Mama kijana akimpenda kwa dhati, akatamani abaki hadi asubuhi ale uji na watoto, desturi haina neno la kumwambia.

Pande mbili sasa zinaweza kuwekwa bega kwa bega. Pwani imempa mama lugha ya mapenzi, ikamnyang'anya mtoto ndani ya lugha hiyo. Mara imempa mtoto mahali, ikamnyima mama lugha ya mapenzi. Hasara za pande zote mbili humwangukia mtu mmoja. Ni yule anayekaa nje ya nyumba jioni, wa Robanda au wa Ng'ambo, mtoto mmoja amelala pajani na mwingine anamvuta kanga, huku akifikiri jibu la kumpa mtu aliyemletea salamu. Mjini wamempa jina la singo maza, na jina hilo mara nyingi husemwa kwa kicheko. Zamani aliitwa msimbe, na kicheko kilikuwa kilekile.

Je, Kiswahili kina umbo linaloweza kumbeba? Kinalo, na ni la siku nyingi. Ni wimbo wa kubembelezea mtoto. Katika bembezi za pwani na za bara mama humwimbia mtoto, lakini mara nyingi anayoyasema si ya mtoto. Humsimulia mume aliyesafiri, mawifi wenye maneno, njaa, upweke. Mtoto ni msikilizaji asiyeweza kutoa siri. Hapa, tofauti na ushairi wa mapenzi wa watu wawili, mtu wa tatu yupo tangu ubeti wa kwanza, tena ndiye mwenye shairi. Mama anaweza kumweleza mwanawe juu ya mwanamume aliyekuja jana, sauti aliyozungumza nayo, kama alimtazama mtoto usoni au alimpa peremende ili aondoke. Anaweza kucheka na anaweza kuogopa. Anaweza kusema kwamba anamtaka, na kwamba hatamtaka ikiwa bei yake ni huyu aliye mikononi. Mambo hayo yote hayaingii katika shairi linaloanza kwa kumwita mpenzi lulu. Katika bembezi yanaingia bila kusukumwa.

Wahakiki wameiweka bembezi katika rafu ya nyimbo za watoto, wakaiacha huko. Waliozihifadhi walizisifu kwa utamu wa sauti na wepesi wa maneno. Hawakuzisoma kama ushairi wa mapenzi wa watu wazima, kwa kuwa hawakutarajia mwanamke mwenye mtoto kifuani awe na mapenzi ya kuimba. Kosa hilo ni lilelile lililofanywa kwa utendi wa Mwana Kupona, pale mke aliposomwa na mama akaachwa, ila katika bembezi limegeuzwa upande: mama amesomwa na mpenzi ameachwa.

Kuzisoma upya nyimbo hizo ni kazi inayowezekana. Ziko Siu na ziko Makunduchi. Ziko pia Ikoma kwa lugha ya Kiikoma, katika vinywa vya wanawake ambao Kiswahili chao ni cha sokoni, na hao wapo bado na wanaimba. Anayetunga leo shairi la mapenzi kwa ajili ya mama wa aina hii angefanya vyema kuketi kwanza na mmoja wao, mtoto akiwa hajalala.